Dawa ya kanseri ikiisha kuingia mwilini, inageuka nini?

Jioni moja mwenzetu mmoja, mchimbaji wa koltani kule Masisi, alitukuta katika ofisi ndogo ya sindika yetu hapa Goma. Alikuwa na chupa ya plastiki ndani ya sashe nyeusi. Hakukaa. Aliweka chupa juu ya meza akasema: «Muangalie. Hii ni mikojo ya mama watoto. Jana walimutia dawa ya kanseri, leo anakojoa hivi. Hii dawa itamumaliza mbele ya ugonjwa. Mimi simurudishe tena kule.»

Tuliiangalia ile chupa. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji ya kusafishia mawe wakati wa mvua. Na sisi, kusema kweli, tuliogopa. Mwenzetu huyu alikuwa ameuza parseli yake ili mke wake avuke mupaka akatunzwe kanseri ya ziwa. Nyumbani wazee walikuwa wamekwisha kukata maneno: ni sumu, wamemupa sumu, aache.

Sisi si wanganga. Wengi wetu tulifika sekondari, tukaingia kazi. Lakini tunamjua mama mmoja muuguzi anayetunza wagonjwa wa namna hiyo. Tulimpigia simu, tukaweka sauti ya juu ili mwenzetu asikie mwenyewe. Muuguzi hakuanza kwa kujibu, alianza kwa kuuliza: «Imeanza lini? Anasikia maumivu akikojoa? Kuna mabonge ya damu?» Mwenzetu akajibu: imeanza jana usiku, maumivu hakuna, mabonge hakuna.

«Basi musiogope,» akasema. «Ile seromu nyekundu waliyomutia, doksorubisine, inatoka na rangi yake. Siku moja ao mbili itaisha. Lakini mama anapata na dawa ya pili, siklofosfamide. Ile haina rangi. Ile ikileta damu, na maumivu, na kukojoa kila mara, hapo ni mambo mengine. Hapo munamuleta mbio.»

Chupa moja, rangi moja, maana mbili. Tukakata simu, tukabaki na ulizo: wamejuaje? Nani alifuata dawa ndani ya mwili wa mtu, toka mshipa wa mkono mpaka kwenye mkojo, akajua ile inatoka vile, na hii inageuka kitu kingine njiani? Tulianza kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, juu ya kila nyumba ya mchimbaji inaweza kufika siku ya kuamua: tuendelee na dawa, ao tuache?

Kinachoingia sicho kinachofanya kazi

Mchimbaji anajua kwamba jiwe halitumiki vile linavyotoka shimoni. Linatwangwa, linasafishwa, linapimwa, linaenda mbali kuchomwa na kugeuzwa. Kinachoingia katika simu si lile jiwe tena.

Dawa nyingi ziko vile vile. Mwili, na zaidi ya yote ini, hauachi kitu kigeni kipite bila kukigusa. Ndani ya chembe za ini kuna enzimu, vifanyakazi vidogo sana vinavyoshika dawa na kuibadilisha. Mambo matatu yanaweza kutokea. Kwanza, dawa yenye nguvu inazimwa na kutolewa nje. Pili, dawa iliyolala inaamshwa, na hapo ndipo inapoanza kupigana na ugonjwa. Tatu, katika kubadilishwa, kinazaliwa kitu cha tatu kinachochoma mwili.

Siklofosfamide inayafanya yote matatu. Kwa hiyo historia yake ni shule nzuri.

Miaka 21 ya kutafuta nani anachoma kibofu

Mwanzo wa dawa hii ni mbaya. Katika vita ya kwanza ya dunia majeshi yalitupiana gesi ya haradali. Baadaye wanganga waliona kwamba vitu vya jamii ile vinaua chembe za damu zinazozaliana haraka, na kanseri nayo ni chembe zinazozaliana bila kusimama. Lakini vilikuwa vikali mno, vilipiga mwili muzima.

Huko Ujerumani, katika kampuni ya Asta, Norbert Brock na wenzake Herbert Arnold na Friedrich Bourseaux wakapata wazo: tuifunge ile sumu, isifanye kitu katika damu, mpaka ifike kwenye uvimbe, uvimbe wenyewe uifungue. Mwaka 1958 wakaitangaza dawa yao mpya. Na dawa ilifanya kazi. Lakini wazo lilikuwa limekosea. Katika miaka ya 1960 ilionekana wazi kwamba si uvimbe unaoifungua dawa. Ni ini. Dawa inapita kwenye ini ikiwa imelala, inatoka pale ikiwa imeamka, inazunguka na damu mwili muzima.

Walikuwa na dawa nzuri bila kujua njia yake. Je, kulikuwa na ubaya gani? Ubaya ni kwamba kuna wagonjwa walioanza kukojoa damu, damu ya kweli, na kibofu kilichochomeka. Wapi moto ulitoka? Dawa yenyewe haichomi. Ilibidi watafute vipande vyake. Mwaka 1971 watafiti walionyesha kwamba siklofosfamide ikivunjika inaacha kitu kinachoitwa akroleine. Mwaka 1973 kikundi cha Michael Colvin kule Marekani kilikamata kipande kingine, kile kinachopiga kanseri. Mwaka 1979 ndipo mtafiti Cox alipothibitisha: anayechoma kibofu ni akroleine, inayokusanyika katika mkojo na kukaa pale ikingoja.

Toka 1958 mpaka 1979 ni miaka 21. Kisha jibu lilipopatikana, suluhisho halikuchelewa. Brock huyo huyo na wenzake wakatengeneza mesna, dawa inayoteremka mpaka kwenye mkojo, inashika akroleine na kuifunga, lakini haigusi ile sehemu inayopigana na kanseri. Leo, mgonjwa akipewa siklofosfamide nyingi, anapewa mesna pamoja nayo. Na kila mgonjwa anaambiwa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara, asibane mkojo usiku, ili akroleine isilale kibofuni. Neno la muuguzi, «mama anywe maji», tulilidhani ni desturi ya hospitali tu. Kumbe nyuma yake kuna kazi ya miaka 21.

Mwaka ule ule wa 1958, hapa jirani Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliandika juu ya watoto waliovimba mataya, ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kisu hakikuweza kitu. Lakini watoto walipoanza kupewa dawa, siklofosfamide ikiwa moja yao, kuna uvimbe ulioyeyuka kwa siku chache, na kuna watoto waliopona kabisa. Mwaka 1967 ikafunguliwa pale Mulago Taasisi ya Kanseri ya Uganda, ambako Mmarekani John Ziegler alifanya kazi hiyo na wenzake Waganda. Mwaka 1972 uongozi ukashikwa na Charles Olweny, Muganda. Tunayaandika haya ili mtu asituambie kwamba dawa hizi ni mambo ya Wazungu peke yao. Watoto wa eneo letu la Maziwa Makubwa waliweka miili yao katika kazi ile, na dunia nzima ilijifunza.

Leo wanafuata namna gani?

Siku hizi dawa mpya ya kanseri haingoji miaka 21. Mbele ya kuipa watu wengi, watafiti wanalazimika kuonyesha njia yake. Tulipoisoma kazi hiyo tulicheka, juu tuliona inafanana na mambo tunayoyajua sana.

Kwanza wanachukua chembe za ini la binadamu, zinazotoka katika maini yaliyotolewa kwa ajili ya kazi hiyo, wanaziweka katika chupa za laboratwari pamoja na dawa mpya. Wanangoja dakika kadhaa, ao saa kadhaa. Kisha wanapima kilichobaki.

Wanapima kwa mizani, lakini mizani ya kupima molekuli moja moja. Negosia akiweka gunia kwenye mizani, anajua kama umeongeza mchanga. Mashine hii nayo inajua. Molekuli ya siklofosfamide ina uzito wa 261. Ikipita kwenye ini, kunaonekana nyingine yenye uzito wa 277. Tofauti ni 16, na 16 ni uzito wa oksijeni moja. Basi wanajua: ini limeibandika oksijeni. Ile oksijeni ndiyo inayoamsha dawa. Hivyo, kwa kutoa na kujumlisha, wanatambua kipande kimoja baada ya kingine.

Pili, wanalinganisha na wanyama. Dawa inajaribiwa kwanza kwa panya, mbwa ao nyani. Lakini ini la panya si ini la mtu. Kama ini la binadamu linatengeneza kipande ambacho ini la panya halitengenezi, basi usalama wa panya hautuambii kitu juu ya kipande kile. Panya atacheza vizuri, mtu ataumia.

Tatu ni etiketi. Wachimbaji wote wa koltani na kasiterite wanajua etiketi ya gunia. Gunia linafungwa etiketi, namba inaandikwa, na toka shimo mpaka komptwari mtu anaweza kuuliza: lilipita wapi? Watafiti wanafanya vile vile. Wanaweka ndani ya molekuli ya dawa kaboni 14, kaboni yenye mionzi kidogo inayoonekana kwa mashine, wanawapa watu wachache waliokubali. Kwa dawa kali za kanseri, watu hao ni wagonjwa wenyewe, si wazima, juu dawa yenyewe inaweza kudhuru. Kisha kwa siku kadhaa wanakusanya mkojo wote na haja kubwa yote, wanahesabu. Wanataka kupata sehemu 90 kwa 100 ao zaidi ya ile waliyoiingiza. Kama ni pungufu sana, wanauliza: nyingine imebaki wapi? Katika mafuta ya mwili? Katika mifupa? Sisi tunaouliza kila mwezi kwa nini kilo za shimoni si kilo za komptwari, tunaielewa hesabu hiyo vizuri.

Mwisho, wanatafuta ni enzimu gani inayofanya kazi. Enzimu zina majina kama namba za mashimo: CYP3A4, CYP2B6, CYP2D6. Msomaji hana lazima ya kuyashika kichwani. Ila ajue jambo moja: hapa ndipo habari yetu sisi wenyewe inapoanza.

Ini la Eldoret si ini la Boston

Enzimu hizi hazilingani kwa watu wote. Tunazizaliwa nazo, toka kwa baba na mama. Mmoja anasafisha dawa haraka, mwingine polepole. Basi kipimo kilichofaa watu wa Boston ao Paris kinaweza kuwa kidogo kwa mwingine, ao kingi mno kwa wa tatu.

Mfano wa kwanza ni wa Kenya. Vinkristine ni dawa ya kanseri ya watoto iliyotoka katika ua la Madagaska. Ubaya wake mkubwa ni kuharibu mishipa ya fahamu: mtoto anasikia ganzi miguuni, anashindwa kutembea vizuri. Huko Eldoret, katika hospitali ya Moi, watafiti walipima watoto 78 wenye kanseri, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Karibu 9 kwa 10 walikuwa na enzimu CYP3A5 yenye nguvu, ile ambayo Wamarekani weupe wengi hawana, na inayovunja vinkristine haraka. Watoto hao waliumia mishipa kidogo kuliko ilivyozoeleka kule. Habari njema? Ndiyo, lakini inaleta ulizo zito: kama mwili unaisafisha dawa haraka hivyo, je, kanseri inapata dawa ya kutosha? Ulizo hilo halingeulizwa kama mtu asingewapima watoto wa Kenya wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe, na ni kinyume. Kikundi cha mtaalamu Collen Masimirembwa kiliona kwamba mtu mmoja hivi kwa watano ana CYP2B6 ya polepole. Enzimu hiyo ndiyo inayosafisha efavirenz, dawa ya ukimwi. Kwa watu hao, kidonge cha miligramu 600 kilikuwa kingi mno: ndoto mbaya, kizunguzungu, kuona vitu visivyokuwako. Wengine wangeweza kuacha dawa wakidhani wamerogwa. Na CYP2B6 hiyo hiyo ni mmoja wa wafanyakazi wanaoamsha siklofosfamide.

Tunataka msomaji aone uzito wake. Majaribio mengi ya dawa mpya za kanseri yanafanyika mbali na Afrika. Njia ya dawa inachorwa katika miili ya wengine, kisha sisi tunapewa ramani hiyo hiyo tutembee nayo. Mara nyingi inafaa, na dawa hizi zinaokoa watu, hatumwambii mtu azikatae. Lakini ramani ambayo kijiji chako hakimo, mtu mwenye akili anaomba ikamilishwe.

Wengine wetu wanaogopa: «Watatufanya panya wao.» Woga huo una sababu, na sisi hatuucheki. Lakini toka Azimio la Helsinki la mwaka 1964 wanganga wa dunia walikubaliana kwamba mtu anaelezwa kwanza, anakubali kwa hiari, na anaweza kutoka siku yoyote. Kazi ya sindika ni kudai maelezo hayo yatolewe kwa Kiswahili ao kwa lugha ya nyumbani, si kwa karatasi ya Kifaransa ambayo mama anabandika kidole bila kuisoma. Kuhesabiwa bila kuulizwa ni ubaya, na kutohesabiwa kabisa ni ubaya vilevile.

Mambo yanayobadilisha kazi ya ini

Kuna jambo lingine, na hili liko mikononi mwetu. Ini moja linafanya kazi zote. Ukiliongezea kazi ingine, ya kwanza inabadilika.

Wachimbaji tunaugua kifua kikuu kuliko watu wengine, juu ya vumbi na kulala wengi katika kibanda kimoja. Dawa kubwa ya kifua kikuu ni rifampisine. Rifampisine inaamrisha ini liongeze enzimu, na kwa hiyo dawa nyingi zinasafishwa mbio kuliko kawaida. Mgonjwa wa kanseri anayekunywa rifampisine bila kusema, anaweza kupata dawa ya kanseri pungufu, na hakuna atakayejua kwa nini uvimbe haupungui. Kinyume chake, dawa kadhaa za fangasi zinazuia enzimu. Vinkristine haivunjwi, inajaa, mishipa ya fahamu inaumia. Hata pamplemusi, tunda tu, linajulikana kwa kuzuia CYP3A4.

Kisha kuna lutuku. Tunajua kazi ya shimo ni ngumu na jioni ni ndefu. Lakini ini lililochomwa na pombe kali miaka kumi, ao lililoguswa na hepatitisi B, si lile watafiti walilolipima. Na kuna mizizi. Hatutukani dawa za babu zetu, hata vinkristine ilitoka katika ua. Ila mzizi nao unapita kwenye ini lile lile, mlango ule ule. Ukimnywesha mgonjwa kwa siri, munganga anahesabu bila kujua namba moja.

Tunachoomba

Kwa familia: mununue kaye moja ndogo. Muandike kila kitu mgonjwa anachoingiza: kidonge cha malaria, dawa ya kifua kikuu, mzizi, chai ya majani, pombe pia. Mumuonyeshe munganga bila haya. Mkojo mwekundu wa siku moja ao mbili nyuma ya seromu nyekundu, bila maumivu, ni rangi. Mkojo wa damu wenye maumivu, mabonge, ao unaoendelea, ni hospitali, siku ile ile, hata kama ni usiku. Na musipunguze vidonge ninyi wenyewe ili viishe polepole. Mama anayekunywa tamoksifene, kwa mfano: ile nayo ini linaigeuza kwanza kuwa na nguvu zaidi. Nusu ya kidonge si nusu ya maumivu, inaweza kuwa nusu ya matibabu.

Kwa hospitali: neno moja kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa kurudi nyumbani, «mkojo utakuwa mwekundu», lingemwokolea mwenzetu usiku muzima wa kulia.

Kwa watafiti: mlipofika Eldoret mlijifunza kitu. Kivu iko karibu.

Mwenzetu alibaki kimya muda mrefu siku ile. Kisha akachukua chupa yake, akamwaga mkojo nyuma ya ofisi, akaomba kalamu. Wiki tatu baadaye mke wake alivuka mupaka tena kwa seromu yake ya tatu. Katika begi yake kulikuwa na kaye ya kurasa 48, na kwenye ukurasa wa kwanza mume wake alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, jina la mzizi ambao mama mkwe alikuwa akimchemshia kila asubuhi.